Kuomba Chuo Kikuu cha Marekani Ukiwa Sekondari Australia: Hatua kwa Hatua

Kila mwaka ikifika Oktoba simu yangu haipumui. Leo anapiga mama wa mji wa Logan, kesho kijana wa Toowoomba, keshokutwa shemeji wa Perth: "Mtoto anataka kusoma Marekani, tuanzie wapi?" Wengi wao huwa wamechelewa tayari. Watoto wana akili na wazazi wanajali, ila hakuna aliyewaambia mapema kwamba mwaka wa shule wa Australia na mwaka wa vyuo vya Marekani unapishana, na kwamba kila kosa kubwa katika safari hii huzaliwa hapo.

Nimempitisha mdogo wangu njia hii kutoka shule ya serikali kusini mwa Brisbane. Baada yake nimewasaidia vijana kadhaa wa jamii yetu, wengi wakiwa watoto wa familia zilizotoka Kongo na Burundi zikapitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda. Mifano yangu mingi ni ya Queensland, lakini hatua ni zilezile uwe unasomea cheti cha jimbo jingine, kama HSC, VCE, WACE au SACE.

Jinsi kalenda zinavyopishana

Shule hapa huanza mwishoni mwa Januari na kwisha Novemba au Desemba. Vyuo vya Marekani hufunguliwa mwishoni mwa Agosti. Ukimaliza Mwaka wa 12 Novemba hii, utaanza chuo Marekani Agosti ijayo, miezi tisa baadaye.

Fomu kuu ya maombi, Common App, ambayo unaijaza mtandaoni kwa vyuo vingi kwa pamoja, hufunguliwa tarehe 1 Agosti, ukiwa bado darasani. Duru ya mapema hufungwa tarehe 1 Novemba, ukiwa katikati ya mitihani ya mwisho. Duru ya kawaida hufungwa karibu na tarehe 1 Januari, wakati shule yako imefungwa na mwalimu wako yuko ufukweni na watoto wake. Andika tarehe hizo tatu kwenye karatasi na ubandike mlangoni mwa chumba chako.

Uwe na vitu hivi kabla ya kuanza

- Barua pepe yako binafsi. Usitumie ya shule: akaunti za shule hufungwa baada ya kuhitimu, na majibu ya vyuo huja Machi. Nimemwona binti akilia mbele ya kompyuta kwa sababu hiyo.
- Ripoti za shule za Mwaka wa 9 hadi wa 12. Wamarekani huhesabu sekondari kuwa miaka minne, kwa hiyo ATAR, ile alama ya mwisho inayokupanga kwa kuingia vyuo vya Australia, peke yake haiwatoshi.
- Pasipoti au hati ya kusafiria ambayo jina lake linalingana na jina la shuleni, herufi kwa herufi.
- Karatasi za kipato cha wazazi: hati ya tathmini ya kodi kutoka ATO (ofisi ya kodi ya Australia), na taarifa za malipo ya Centrelink (ofisi ya serikali ya malipo ya ustawi) kama mnapokea.
- Kadi ya benki inayolipa mtandaoni kwa dola za Marekani.
- Jibu la swali moja: je, wewe ni raia wa Australia?

Hilo la mwisho nalikazia, kwa kuwa watu hulikumbuka wakiwa tayari mlangoni pa viza. Kama familia yako iliingia kwa viza ya kudumu ya kibinadamu, sheria ya kawaida ya uraia inataka miaka minne ya kuishi hapa kihalali, na uwe umekaa nje ya nchi si zaidi ya miezi 12 katika miaka hiyo na si zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Ukienda Marekani kabla ya kupata uraia, hesabu yako itavurugika. Juu ya hayo, ruhusa ya kusafiri iliyo kwenye viza hiyo ni ya miaka mitano tangu ilipotolewa. Ikiisha, utahitaji viza ya kurejea kwa mkazi ili uingie tena. Kuanzia miaka 16 unaomba uraia kwa fomu yako mwenyewe, hutegemei tena fomu ya mzazi. Basi kama umetimiza miaka minne, omba sasa, hata kabla ya kufungua ukurasa wa chuo chochote.

Kuna sababu nyingine. Viza ya Marekani hutazama pasipoti unayosafiria. Juni 2025 Marekani ilitoa amri iliyosimamisha, pamoja na mambo mengine, viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi. Amri hiyohiyo iliwaacha nje watu wenye uraia wa nchi mbili wanaosafiria pasipoti ya nchi isiyotajwa. Kijana aliyezaliwa Burundi mwenye pasipoti ya Australia mkononi yuko mahali tofauti kabisa na ndugu yake ambaye hajala kiapo. Orodha ya nchi hubadilika, kwa hiyo itazame upya kabla hujalipa ada yoyote.

Hatua ya 1: Amua unatafuta nini huko

Shahada ya kwanza Marekani ni miaka minne, na katika vyuo vingi huchagui fani mpaka mwaka wa pili. Kama unapenda kusoma kompyuta na historia kwa pamoja, huko kunakufaa. Kama unataka udaktari au uanasheria, fahamu kwamba Marekani fani hizo husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shule za udaktari hupokea wageni wachache sana. Kwa daktari mtarajiwa, mimi humwambia mzazi wazi: abaki hapa.

Hatua ya 2: Fedha kwanza, orodha ya vyuo baadaye

Watu hufanya kinyume. Wanapenda jina, wanaomba, mtoto anakubaliwa, ndipo inatajwa bei. Vyuo binafsi vingi maarufu sasa vinagharimu zaidi ya dola 80,000 za Marekani kwa mwaka, pamoja na malazi na chakula. Na mkopo wa masomo wa serikali ya Australia, HECS-HELP, haulipii shahada ya chuo cha Marekani. Hilo wazazi wengi hawalijui.

Gawanya vyuo katika mafungu matatu.

La kwanza ni vyuo ambavyo havitazami uwezo wako wa kifedha vinapochagua, hata kama wewe ni mgeni, na vikikuchagua vinafidia pengo lote la fedha. Humo wamo Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin. Harvard, kuanzia mwaka wa masomo 2025–26, haitozi chochote familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 za Marekani na mali ya kawaida. Kwa familia nyingi za Logan hiyo ni nafuu kuliko kusoma Brisbane. Ugumu wake ni kuingia tu, na ni ugumu wa kweli.

La pili ni vyuo vinavyotazama uwezo wako vinapochagua, lakini vikishakuchukua vinafidia mahitaji yote: Swarthmore, Pomona, Vassar, Macalester na vingine vya aina hiyo. Vingi ni vyuo vidogo vinavyofundisha shahada ya kwanza tu. Mama yangu aliposikia "Macalester" aliuliza kama ni chuo cha kweli. Nilimwambia Kofi Annan alihitimu hapo mwaka 1961, na kwamba Wangari Maathai naye alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1964 kwenye chuo kidogo cha mji wa Atchison, Kansas. Alinyamaza, kisha akaniambia niendelee.

La tatu ni vyuo vya serikali za majimbo ya Marekani. Majina makubwa, mandhari nzuri, ila mgeni hupata msaada kidogo au hapati kabisa. Chuo Kikuu cha California kiko hapa. Kama familia haiwezi kulipa, usikiweke kwenye orodha kwa sababu ya picha za ufukwe.

Namna ya kukagua chuo chochote: tafuta jina lake pamoja na maneno Common Data Set. Ni waraka ambao vyuo vingi hutoa kila mwaka. Nenda sehemu ya H6. Hapo wameandika kama wageni hupewa msaada, wamepewa wangapi, na wastani ni dola ngapi. Ukikuta wamepewa watu wanne, umepata jibu lako bila kumpigia mtu simu.

Vyuo vinane hadi kumi na viwili vinatosha. Common App hukuruhusu hadi 20, lakini kila chuo kina insha zake za ziada na hutaziandika vizuri zote.

Onyo. Early Decision, aina moja ya maombi ya duru ya mapema, ni ahadi: wakikukubali, unatakiwa kwenda. Huiombi kwa vyuo viwili. Usiguse mpango huo mpaka familia imekaa mezani na kuhesabu fedha.

Hatua ya 3: Mtihani wa SAT

SAT ni mtihani wa pamoja wa wanaoomba vyuo vya Marekani, wa kusoma, kuandika na hesabu. Vyuo vingine vinaudai, kama MIT, Harvard na Dartmouth. Vingine vinakuachia uamue. Chuo Kikuu cha California hakiutazami kabisa. Kwa mwombaji wa hapa ambaye shule yake haijawahi kupeleka mtu Marekani, mimi nasema ufanye: ni kipimo ambacho msomaji wa maombi aliye Boston anakielewa bila kuelezwa.

Siku hizi unafanywa kwenye kompyuta, kwa programu ya Bluebook, saa 2 na dakika 14, alama 400 hadi 1600. Hesabu zake hazina kalkulasi (calculus); anayesoma somo la hesabu la Mathematical Methods atazijua karibu zote, kinachomshinda ni kasi. Kusoma na kuandika ndiko kunakohitaji mazoezi, hasa kama Kiingereza ulikianza ukiwa na miaka kumi.

Uufanye Machi, Mei au Juni ya Mwaka wa 12, au hata mwishoni mwa Mwaka wa 11. Agosti iwe akiba. Oktoba na Novemba hugongana na mitihani yako ya jimbo. Vituo ni vichache na hujaa, kwa hiyo jisajili mara nafasi zinapofunguliwa.

Onyo. Kompyuta ya shule mara nyingi imefungwa isisakinishe programu mpya. Mwone fundi wa shule wiki tatu kabla, usimwone Ijumaa ya kuamkia mtihani.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEFL: vyuo vingi huusamehe kwa aliyesoma miaka mitatu au minne kwa Kiingereza. Kama ulifika Australia ukiwa Mwaka wa 11, andikia kila chuo uulize.

Hatua ya 4: Waandae walimu wako

Hapa ndipo nimeona maombi mazuri yakiharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vyuo vya Australia kwa kawaida havidai barua za walimu. Hivyo mwalimu wako, hata awe bora namna gani, huenda hajawahi kuandika barua ya aina hii. Ukimwachia tu atakuandikia mistari mitano: ni mwanafunzi mzuri, anajituma, anawahi. Hapa hiyo ni sifa kubwa. Marekani inasomeka kama mwalimu ambaye hakujui.

Barua wanayoitarajia ni ukurasa mzima wenye visa vya kweli. Mwalimu aeleze siku ulipokataa jibu la kitabu ukaonyesha hesabu yako ubaoni, au namna ulivyomfundisha mwenzako aliyefika kutoka kambi ya Nyarugusu bila Kiingereza. Kwa hiyo fanya hivi:

Kwanza, chagua walimu wawili wa masomo ya kitaaluma waliokufundisha Mwaka wa 11 au wa 12. Aliyekuona ukihangaika hadi ukaweza ana mengi ya kusema kuliko yule aliyekupa A bila jasho.

Pili, waombe ana kwa ana kabla ya mwisho wa muhula wa pili, yaani Juni. Wakikubali, wape karatasi moja yenye mambo matano uliyoyafanya darasani kwao ambayo unayakumbuka. Huwaandikii barua, unawakumbusha.

Tatu, mwone mshauri wa taaluma wa shule. Huyu ana kazi kubwa kuliko walimu: kutuma ripoti zako, kujaza fomu ya shule, na kutuma wasifu wa shule. Wasifu huo ni ukurasa mmoja au miwili unaoeleza shule ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, alama za A hadi E maana yake nini, na cheti cha jimbo kinapimwaje. Shule nyingi za serikali hazina waraka huo. Mdogo wangu alikaa na mshauri wake mchana mmoja, wakachukua maelezo kwenye tovuti ya shule na ya mamlaka ya mitaala ya Queensland, wakaandika wenyewe. Wadogo zake wa shuleni wanautumia mpaka leo.

Onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu. Kila kitu kinachotoka shuleni kitumwe kabla ya shule kufungwa katikati ya Desemba, hata kama chuo kinasema 1 Januari. Januari hakuna mtu ofisini.

Ndani ya Common App utaulizwa kama unaacha haki ya kuja kuzisoma barua hizo. Kubali kuiacha. Barua ambayo mwanafunzi anaweza kuisoma huaminiwa kidogo.

Hatua ya 5: Jaza fomu

Fungua akaunti ya Common App. Sehemu nyingi ni nyepesi, ila zipo zinazowakwaza watu wa hapa.

Tarehe huandikwa mwezi kwanza, kisha siku. Tarehe 3 Agosti ni 08/03. Namba ya simu ianze na +61 na uondoe sifuri ya mbele.

GPA, yaani wastani wa alama kwa mtindo wa Kimarekani: shule yako haina. Chagua kwamba hakuna. Usiigeuze mwenyewe kwa vikokotoo vya mtandaoni, maana chuo kina watu wanaosoma ripoti za Australia kila mwaka.

Shughuli: nafasi ni kumi, kila moja ina herufi 150 za maelezo, na wanataka saa kwa wiki na wiki kwa mwaka. Vijana wetu wengi huacha nafasi wazi wakisema, "Mimi sina shughuli, sikuwa kwenye timu." Nawauliza: Jumamosi uko wapi? Nani anakwenda na mama hospitali? Nani anawachukua wadogo shuleni? Hizo ni shughuli, na wasomaji wa maombi wanazithamini. Usiandike tu kwamba unasaidia nyumbani. Andika hivi, kwa Kiingereza chako: *Mkalimani wa wazazi hospitalini na Centrelink, napika chakula cha jioni, nawapeleka shule wadogo watatu. Saa 14 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka.* Kazi ya dukani nayo iwekwe. Kwaya ya kanisa, madrasa uliyofundisha, timu ya mpira ya mtaa, vyote viwekwe.

Ada ya maombi huwa kati ya dola 50 na 90 kwa chuo. Kama ni nzito, tafuta msamaha wa ada ndani ya fomu. Ukikataliwa, andikia ofisi ya udahili barua fupi yenye adabu. Nimeona vyuo vikisamehe kwa siku mbili.

Hatua ya 6: Insha

Maneno 650, yasizidi. Insha hiyohiyo huenda vyuo vyote vinavyotumia Common App.

Mdogo wangu aliandika rasimu ya kwanza kuhusu kukimbia vita Kivu Kusini. Alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu. Yote aliyoandika aliyasikia kwa baba. Ilikuwa historia ya kweli, na ya uchungu, lakini yeye mwenyewe hakuonekana ndani yake. Nilimwambia hivyo, akakasirika, tukaachana nayo wiki nzima.

Rasimu iliyokwenda ilianza mezani jikoni. Bibi alikuwa ameletewa barua ya hospitali, naye anaitafsiri. Akafika kwenye neno la vijiwe vinavyoota kwenye nyongo, akakosa Kiswahili chake. Akaanza kueleza kwa mikono, mawe, madogo, tumboni. Bibi akamwangalia, akasema taratibu: "Vijiwe vya nyongo, mwanangu. Neno lipo, ni wewe tu hukuwahi kuliambiwa." Tangu siku hiyo akaanza kidaftari cha maneno ambayo alikuwa nayo kwa lugha moja tu. Insha ilikuwa ya kidaftari hicho: ukurasa wa hospitali, ukurasa wa benki, ukurasa wa darasa la fizikia ambao ulikuwa mtupu upande wa Kiswahili, na alivyojaribu kuujaza kwa kumpigia simu mjomba aliye mwalimu Kigoma.

Vita ilitajwa kwa sentensi moja. Ilitosha.

Kama maisha yako ya ukimbizi ndiyo kweli unayotaka kuisimulia, isimulie. Ila ianze mahali ulipokuwepo wewe, ukiona kwa macho yako. Na iandike mwenyewe. Anayekuandikia kwa malipo anakuibia mara mbili, fedha na sauti yako.

Hatua ya 7: Fomu za msaada wa kifedha

FAFSA, fomu ya msaada ya serikali ya Marekani, haikuhusu, ni ya raia wa Marekani na wakazi wanaostahili. Kwa vyuo vingi wewe utajaza CSS Profile, fomu inayopima uwezo wa kifedha wa familia. Ni dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata. Baadhi ya vyuo hutoa msimbo wa kusamehe malipo hayo ukiwaomba.

Mwaka wa kodi wa Australia ni Julai hadi Juni, wakati wa Marekani ni Januari hadi Desemba. Usibuni takwimu za miezi. Tumia hati ya ATO ya mwaka wanaoutaja, na katika nafasi ya maelezo uandike kwamba mwaka wetu huishia 30 Juni. Taja pia fedha mnazotuma nyumbani kila mwezi. Kama baba anamsomesha mtoto wa marehemu kaka yake Bukavu, hiyo ni gharama ya kweli ya familia, na ielezwe.

Onyo. Usiombe kwanza bila msaada ukidhani utauomba baada ya kukubaliwa. Katika vyuo vingi, mgeni asiyeomba mwanzoni hapewi hata baadaye.

Hatua ya 8: Omba na hapa Australia

Jaza pia fomu ya jimbo lako ya kuomba vyuo vya hapa: QTAC, UAC, VTAC, SATAC au TISC. Ukipata nafasi, ikubali kisha uiahirishe. Vyuo vingi huruhusu mwaka mmoja. Usianze masomo Februari "ili usikae bure". Ukishaanza shahada hapa, vyuo vingi vya Marekani vitakuhesabu kuwa mwanafunzi wa kuhamia, na vingine vinaweza kuondoa nafasi waliyokupa. Kabla ya kujiandikisha kozi yoyote, kiulize chuo kwa maandishi.

Miezi hiyo fanya kazi, weka akiba, soma vitabu.

Hatua ya 9: Tuma, kisha kaa macho

Tarehe ya mwisho ya Common App huhesabiwa kwa saa za mahali ulipo, saa 5:59 usiku. Wengi hudhani wana saa kumi na tano za ziada kwa sababu New York iko nyuma yetu. Hawana. Tuma siku tatu kabla.

Matokeo ya jimbo hutoka katikati ya Desemba. Mwombe mshauri, kabla hajaondoka likizo, akuonyeshe namna atakavyoyatuma.

Ukiitwa kwenye mahojiano kwa video, hesabu saa vizuri. Januari, saa moja asubuhi ya Brisbane ni saa kumi jioni ya New York, siku iliyotangulia. Sydney na Melbourne huwa mbele ya Brisbane kwa saa moja majira hayo.

Majibu ya duru ya mapema huja katikati ya Desemba, ya kawaida mwishoni mwa Machi. Unatakiwa kujibu kufikia 1 Mei.

Hatua ya 10: Viza

Chuo kitakutumia hati ya I-20, inayothibitisha udahili wako kwa ajili ya viza. Unalipa ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni) dola 350, unajaza fomu ya kuomba viza, DS-160, unalipa ada ya viza (ilikuwa dola 185 tulipoomba sisi), unapanga mahojiano. Yanafanyika Sydney, Melbourne au Perth. Wa Brisbane na Adelaide watenge nauli. Ukiulizwa utafanya nini baada ya masomo, jibu kweli na kwa ufupi, ukitaja familia na mipango yako Australia. Huruhusiwi kuingia Marekani mapema zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe iliyo kwenye I-20.

Ukikwama

*Mwalimu hajapata kiungo cha Common App.* Vichujio vya barua pepe za shule huzuia. Aangalie kwenye taka kwanza. Isipokuwepo, mtumie mwaliko upya.

*Ripoti ya Mwaka wa 9 haipo, nilikuwa kambini.* Eleza katika sehemu ya maelezo ya ziada: shule gani, kambi gani, miaka gani, kwa nini karatasi hazipo. Mshauri athibitishe kwa barua yake. Usitengeneze ripoti.

*Majina yangu yamegeuzwa, au nimeandikwa nimezaliwa 1 Januari.* Familia nyingi zetu zina tatizo hili. Tumia kilicho kwenye pasipoti kila mahali, hata kama moyoni unajua si sahihi. Kurekebisha hati ni kazi ya peke yake na haimaliziki ndani ya mwaka wa maombi.

*CSS Profile inadai taarifa za baba, naye hatujui aliko.* Omba chuo kikusamehe sehemu ya mzazi asiyeishi nawe. Watataka barua ya mtu wa nje anayeijua familia: mshauri wa shule, mchungaji, imamu, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mama asione aibu. Watu wa ofisi hizo wamesoma barua nyingi kama yake.

*Wakala anaahidi nafasi na udhamini kwa malipo.* Hakuna anayeweza kuahidi hivyo. Ushauri wa bure upo kwa EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani yenyewe.

*Nimechelewa, leo ni Februari.* Kaa mwaka mmoja bila kujiandikisha shahada, uombe Agosti. Mshauri wa shule bado anaweza kukutumia karatasi hata kama umehitimu. Mwone kabla hajahama shule.

*Viza imekataliwa.* Uliza sababu, soma karatasi waliyokupa, na kama hali yako imebadilika au ulikosea maelezo, omba tena. Iarifu ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo siku hiyohiyo, maana wanaweza kukusogezea kuanza hadi muhula au mwaka unaofuata. Wakati huo nafasi uliyoiahirisha kupitia QTAC ingali yako; angalia tu tarehe ya kuithibitisha isikupite.